Kurudia SAT Baada ya Kupata 1440: Tathmini ya Bluebook kutoka Malindi

Programu ya Bluebook, ambayo shirika la College Board la Marekani huitumia kuendeshea SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, hutathminiwa na wengi kama chombo cha mtihani tu: kama inafunguka upesi, kama inakwama, kama saa yake inaonekana vizuri. Mimi nimeipima kwa kazi nyingine, nayo ni kumsaidia mtahiniwa aliyekwisha kupata alama nzuri aamue iwapo ana haja ya kurudi tena kwenye chumba cha mtihani. Kwa kazi hiyo sijaona huduma inayoishinda, na haitozwi hata shilingi. Kinachotozwa, na ambacho familia kadhaa ninazozijua hapa Malindi zimekinunua kwa pupa, ni huko kurudia kwenyewe pamoja na tuisheni inayouzwa kando yake.

Swali hili nililetewa nyumbani. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata A- katika KCSE, alifanya SAT kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei akapata 1440, yaani 760 katika Hisabati na 680 katika Kusoma na Kuandika. Matokeo yalipotoka mamake alinipigia simu. "Kaka, wewe ndiye mwalimu," aliniambia, "hebu niambie, mtoto arudie au asirudie? Hapa Shella kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia tumshukuru Mungu, mwingine ananiambia bila 1500 hata tusijisumbue kuomba." Nilimwomba anipe muda. Mimi husomesha Hisabati, na sikuwa tayari kujibu kwa maneno ya baraza jambo linaloweza kupimwa.

Ni vyema kwanza ieleweke ni mtihani wa namna gani. SAT ya karatasi ilikoma kwa watahiniwa walio nje ya Marekani mwezi wa Machi 2023, na kwa Wamarekani wenyewe mwaka mmoja baadaye. Mtihani wa sasa hufanywa kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 14 ukiwa na maswali 98, ambayo 54 ni ya Kusoma na Kuandika na 44 ni ya Hisabati. Kila sehemu imegawanywa katika mafungu mawili, na fungu la pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyolifanya la kwanza: aliyefanya vizuri huletewa maswali magumu zaidi, na ni humo tu zinamopatikana alama za juu kabisa. Alama za jumla huanzia 400 hadi 1600, na jibu baya halimpunguzii mtu chochote. Aliyepata 1440 amewapita watahiniwa zaidi ya 9 kati ya kila 10, kwa hiyo yule jirani aliyemwambia dada yangu wasijisumbue alikuwa akizungumzia vyuo vichache mno, tena bila kuvitaja.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba alama hiyo si nukta moja. College Board yenyewe huandika kwenye ripoti ya matokeo masafa ya alama, makumi kadhaa juu na chini ya ile iliyopatikana, kwa maana kwamba mtahiniwa yuleyule akifanya mtihani wa aina ileile wiki nyingine, bila kujifunza lolote jipya, huenda akapata alama tofauti. Mizani ya pale soko la samaki huweza kumpima changu yuleyule mara mbili ikatofautiana kidogo, na hakuna mnunuzi anayesema kwamba samaki amenona kati ya vipimo hivyo viwili. Anayerudia SAT ili atoke 1440 aende 1460, pasipo kubadilisha chochote katika maarifa yake, ananunua bahati, na bahati hiyo inaweza vilevile kumrudisha 1420. Uamuzi wa kurudia unapaswa kutegemea ushahidi kwamba kiwango chenyewe kimepanda kupita masafa hayo. Hapo ndipo Bluebook inapoonyesha faida yake.

Programu hupakuliwa bure kwenye kompyuta ya Windows au Mac, kwenye iPad, au kwenye Chromebook inayosimamiwa na shule. Kwenye simu haifanyi kazi, na hicho ndicho kikwazo chake kikubwa kwa mji kama wetu, ambako karibu kila kijana ana simu lakini wenye vipakatalishi ni wachache. Saiba tuliyoijaribu kwanza, kando ya barabara ya Lamu, ilikuwa imezifunga kompyuta zake zisipokee programu mpya, na mhudumu hakuwa na nywila ya kuzifungua. Mwishowe mpwa wangu aliazima kipakatalishi cha binamu yake anayefanya kazi katika hoteli moja upande wa Casuarina, na tukakubaliana akitumie Jumamosi asubuhi, wakati binamu yuko kazini na nyumba imetulia.

Ndani ya Bluebook mna majaribio kamili kadhaa yaliyotungwa na watungaji walewale wa mtihani, yenye muda uleule na utaratibu uleule wa fungu la pili kubadilika kufuatana na la kwanza. Saa iko juu katikati ya kioo, na anayesumbuliwa nayo anaweza kuificha mpaka zibaki dakika 5, ambapo hujitokeza yenyewe. Jibu lisilofaa hukatwa kwa mstari likabaki pale limefifia, na swali la kurudiwa huwekewa alama. Mambo haya ni madogo, lakini mtu aliyeyazoea nyumbani haendi kuyashangaa kwenye kituo cha mtihani Nairobi akiwa amelipia.

Intaneti inahitajika wakati wa kupakua, wakati wa kuanza na wakati wa kutuma majibu; katikati hapo ikikatika, mtihani unaendelea. Hili tulilishuhudia bila kulipanga. Jumamosi moja stima ilipotea mtaa mzima wakati mpwa wangu yuko katika fungu la pili la Hisabati. Feni ilisimama, Wi-Fi ikazima, nami nikadhani kazi yote imekwenda na maji. Yeye hata hakuinua kichwa. Kipakatalishi kilikuwa na chaji, saa iliendelea kuhesabu, akajibu maswali yote, na stima iliporudi majibu yakatumwa kama kwamba hakuna lililotokea. Kwa mtu anayeishi pwani yetu, sifa hiyo peke yake ina uzito kuliko urembo wote wa kioo.

Hata hivyo, majaribio haya yana thamani iwapo tu yanafanywa kwa uaminifu. Programu inamruhusu mtu kulisimamisha jaribio akaenda kunywa chai kisha akaliendeleza, na wengi hufanya hivyo, halafu hujisifia alama ambazo chumba cha mtihani hakitawapa. Tuliweka sharti kwamba jaribio lianze saa 2 asubuhi, simu iwe chumba kingine, na mapumziko yawe yale ya dakika 10 baina ya sehemu mbili, basi. Sharti jingine lilikuwa la kubana matumizi: majaribio haya si mengi, na lililokwisha kufanywa haliwezi tena kumpima mtu sawasawa kwa sababu maswali yake yameshaingia kichwani. Kuyamaliza yote katika wiki mbili za jazba ni kutupa kipimo cha pekee ulicho nacho.

Tofauti kubwa zaidi baina ya jaribio na mtihani wenyewe iko katika kinachorudishwa baadaye. Ripoti ya SAT halisi huonyesha vigezo vinane, vinne kwa kila sehemu, kila kimoja na kijistari cha kuonyesha nguvu au udhaifu, lakini haikuonyeshi swali hata moja ulilokosa. Aliyepata 680 anaambiwa kwamba udhaifu wake uko katika kanuni za Kiingereza sanifu. Ni kanuni ipi, haambiwi. Jaribio la Bluebook hurudisha kila swali pamoja na jibu ulilolichagua, jibu sahihi na maelezo ya sababu. Ukiliweka kando ya ripoti halisi, unapata picha ambayo ripoti peke yake haikupi.

Kwa mpwa wangu picha hiyo ilikuwa wazi katika jaribio la kwanza. Sentensi moja iliyomkwamisha ilikuwa na vishazi viwili vilivyojitosheleza, kila kimoja na kiima chake na kitenzi chake, na baina yao pengo. Majibu manne yalikuwa koma, nuktamkato, koma ikifuatwa na neno lenye maana ya "kwa hivyo", na pengo lisilo na alama yoyote. Alichagua koma na lile neno, kwa kuwa sikio lilimwambia kwamba sentensi inakwenda vizuri, ilhali katika kanuni za Kiingereza wanazozitahini, neno la aina hiyo halina nguvu ya kuunganisha vishazi viwili kamili baada ya koma, na jibu lilikuwa nuktamkato. Alikosa maswali manne ya jamii hiyo. Maswali ya kanuni za lugha ni karibu robo ya sehemu ya Kusoma na Kuandika, na ni eneo linaloweza kurekebishwa katika wiki chache kwa sababu kanuni zenyewe zinahesabika. Masomo ya bure ya Khan Academy, ambayo imekuwa ikishirikiana na College Board tangu 2015, yamepangwa kwa vigezo vilevile vinane, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye kigezo chake bila kupitia mengine.

Jaribio lile la kwanza lilimpa 1460. Alipomaliza kuzipitia kanuni, jaribio lililofuata likampa 1450. Makosa ya alama za uandishi yalikuwa yamekwisha kabisa. Yaliyobaki yalikuwa yametawanyika, mengine katika maana ya neno ndani ya kifungu, mengine katika hitimisho linaloweza kutolewa kutokana na jedwali, na mengine katika Hisabati, ambako alikuwa na haraka. Mtu anayetazama jumla tu angesema hakuna alichopata. Ukitazama maswali unaona ameimarika mahali pamoja, lakini kuimarika huko kunamezwa na mabadiliko ya kawaida, na kilichobaki kinahitaji usomaji wa miezi mingi wa Kiingereza kigumu, ambao hautapatikana kabla ya mtihani wa Oktoba. Alama zote tatu, 1440, 1460 na 1450, zilikuwa ndani ya masafa yaleyale. Huo ni ushahidi, nao ulikuwa unasema kwamba 1440 ilikuwa imempima vizuri.

Kisa cha kijana mmoja wa Maweni, niliyemfundisha kidato cha tatu, kilikwenda kinyume. Yeye alikuwa na 1390, yenye 730 katika Kusoma na Kuandika na 660 katika Hisabati, naye ndiye aliyekuwa akitaka uhandisi. Nilipoketi kando yake akifanya jaribio niliona kwamba hajagusa hata mara moja kikokotozi cha Desmos kilichomo ndani ya programu. Katika KCSE tunawazoesha majedwali na vikokotozi visivyoprogramiwa, na mwanafunzi mwema huandika kila hatua, kwa sababu hatua zina alama zake. SAT haisomi hatua. Swali linalouliza mahali ambapo y = x² − 6x + 5 inakutana na y = x − 5 alilifanya kwa mkono, akahamisha, akapata mlinganyo mpya, akauvunja, na dakika mbili zikampita, ilhali wastani wa muda kwa swali la Hisabati ni kama sekunde 95. Aliyeandika milinganyo hiyo miwili ndani ya Desmos huona mstari uliopinda ukikatwa na mstari mnyoofu mahali pawili, na akivigusa vituo hivyo husomewa (2, −3) na (5, 0). "Mwalimu, hii si ni kama kuibia?" aliniuliza. Nilimwambia kwamba wenye mtihani wenyewe ndio walioiweka hapo.

Baada ya kukizoea kikokotozi hicho na kurudia jiometria ya duara, majaribio yake yalifika 1450, kisha 1480, na karibu ongezeko lote lilikuwa la Hisabati. Hapo sikuwa na shaka. Alikwenda akarudia na kupata 1460, yaani 720 na 740. Kusoma na Kuandika kulikuwa kumeshuka alama 10, jambo ambalo halikumdhuru mbele ya vyuo vinavyochukua alama bora ya kila sehemu kutoka mitihani tofauti, kwani huko alihesabiwa 730 ya kwanza pamoja na 740 ya pili, jumla 1470.

Hapa sina budi kuieleza tuisheni. Kuna mahali hapa mjini ambapo mabango yake yanaahidi kupandisha alama 100 kwa mwezi mmoja, na wazazi wawili walikuwa wamekwisha kulipa kabla ya kuja kwangu. Niliomba kuona vitini. Vilikuwa ni nakala za kitabu cha SAT ya karatasi, chenye vifungu virefu vya ukurasa mzima vikifuatwa na maswali kumi, na sehemu ya Hisabati isiyoruhusu kikokotozi, mambo ambayo yaliondoka na karatasi mwaka 2023. Vifungu vya sasa havizidi maneno 150 na kila kimoja kina swali moja tu. Mwanafunzi anayefanyishwa mazoezi ya namna ile hapotezi fedha peke yake. Anajenga mazoea ya kasi isiyo ya mtihani anaokwenda kuufanya. Mwalimu mzuri wa Kiingereza au Hisabati anayekaa na kijana akapitia makosa yake ya Bluebook ana thamani yake, na alipwe. Anayeahidi idadi ya alama kabla hata hajaona ripoti ya mtoto hastahili kusikilizwa.

Upande wa vyuo nao una mengi ya kupima, kwa kuwa alama haina maana mpaka ijulikane inapelekwa wapi. Janga la korona lilipoanza mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliacha kuilazimisha SAT. MIT iliirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech vikatangaza kuirudisha pia, ilhali vyuo vya University of California haviitazami kabisa katika kumchagua mwanafunzi. Kwa hiyo familia inayotaka kutumia fedha za kurudia mtihani ili mtoto aombe vyuo hivyo vya Berkeley na Los Angeles peke yake, na iziweke fedha zake. MIT iko upande wa pili: wengi wa wanaokubaliwa huko wana Hisabati ya 780 hadi 800, na aliye na 760 anajua kwamba yuko chini ya kundi hilo, ingawa hakuna alama inayomfungulia mtu mlango peke yake. Harvard pia, robo tatu ya wanaoingia wakiwa na SAT huwa na takriban 1500 au zaidi.

Lakini vyuo hivyo hivyo husema kwamba husoma alama pamoja na mahali ilikotoka. Walimu wa Dartmouth waliochunguza takwimu za chuo chao kabla ya uamuzi wa 2024 waligundua kwamba waombaji kutoka mazingira yenye upungufu walikuwa wakizificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuzilinganisha na wastani wa wanafunzi waliokwisha kuingia. Uchunguzi huo ulihusu Wamarekani. Hata hivyo nauona unamgusa mtoto wa shule ya umma ya Kaunti ya Kilifi ambaye 1440 yake ilipatikana bila tuisheni na kwa kipakatalishi cha kuazima. Mtu anayesoma ombi lake hatakosa kuyaona hayo iwapo yataandikwa vizuri. Washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani unaotoa ushauri bila malipo, wanaweza kuulizwa juu ya chuo kimoja kimoja, na nawashauri wazazi waanzie huko kabla ya kumwendea yeyote anayetoza.

Kuna hofu moja isiyo na msingi mkubwa, kwamba kurudia kutaonekana kama tamaa, au kwamba alama ikishuka itamharibia mtoto. College Board humruhusu mtahiniwa achague matokeo ya tarehe ipi yatumwe, na vyuo vingi hutazama alama bora tu. Vipo vichache vinavyoomba zote, Georgetown ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi, na anayeiomba Georgetown ana sababu ya kutokwenda kubahatisha. Kwa wengine, hasara ya kurudia haiko katika sifa, iko mfukoni na katika muda.

Mfukoni, ada ya mtihani kwa mtahiniwa aliye nje ya Marekani huzidi dola 100, yaani shilingi zisizopungua 13,000, na nafuu ya ada ambayo College Board huwapa Wamarekani wa kipato cha chini haiwafikii watoto wetu. Kituo kilichokuwa na nafasi siku aliyojisajili yule kijana kilikuwa Nairobi, na kwa kuwa milango ya vituo hufungwa saa 2 asubuhi, hakuna namna ya kwenda na kurudi siku moja. Kuna matatu ya Malindi hadi Mombasa, kisha treni ya SGR ambayo daraja la kawaida limekuwa shilingi 1,500 tangu 2024, kisha kulala kwa jamaa, na marejeo yake. Asiye na jamaa Nairobi atalipa nyumba ya wageni. Tarehe zenyewe pia si za kuchukuliwa juujuu. Mtihani wa Machi uliangukia ndani ya Ramadhani mwaka 2025 na tena mwaka 2026, na mtoto aliyefunga, aliyesafiri usiku uliotangulia, haanzi akiwa sawa na mwenzake. Familia nyingi za hapa zingefaa kuutazama wa Mei au wa Agosti.

Kwa muda, hasara ni kubwa zaidi na ndiyo isiyoonekana. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, ambayo wanaorudia huitumia kwa mazoezi, ndiyo miezi ya kuandika insha ya maombi isiyozidi maneno 650, ya kuwaomba walimu barua, na ya kujaza fomu za msaada wa fedha kama CSS Profile. Hiyo fomu ya fedha, kwa baba anayevua au mama anayeuza mitumba, ambao hawana stakabadhi za mshahara, huchukua majuma kuikamilisha. Kwa mtoto anayehitaji kulipiwa kila kitu, fomu hiyo ina uzito kuliko alama 20. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huwachagua wanafunzi wa kigeni bila kujali kama wanaweza kulipa. Vyuo vilivyo vingi hujali, na huko ushindani wa msaada ni mkali.

Mahali ambapo hoja yangu haitumiki ni kwenye ufadhili wa jedwali. Baadhi ya vyuo vikuu vya umma, University of Alabama ikiwa mfano unaojulikana, vimekuwa vikitoa ufadhili kwa viwango vya alama vilivyotangazwa, ambapo aliyevuka kiwango hupata na aliyepungukiwa na alama 10 hapati. Mtoto aliyesimama hatua moja chini ya kiwango cha namna hiyo na arudie, hata kama anachokinunua ni bahati, maana bei ya bahati hiyo ni ndogo ikilinganishwa na karo ya miaka minne. Viwango hubadilika, kwa hiyo visomwe kwenye tovuti ya chuo mwaka uleule wa kuomba.

Mpwa wangu hakurudia. Orodha yake haikuwa na chuo cha jedwali, majaribio hayakuonyesha kupanda, na fedha zilizokuwa zimetengwa zikaenda kwenye kipakatalishi kilichokwisha kutumika, ambacho sasa ni chake. "Mjomba, kwa hiyo ndiyo basi?" aliniuliza, nami nikaona amepungukiwa kidogo na ile raha ya kupambana. Nilimjibu kwamba basi ni kwa SAT. Insha yake ilikuwa bado na aya moja tu.

Kama chombo cha kuamulia, basi, Bluebook naipa nafasi ya juu. Naikata alama kwa kutofanya kazi kwenye simu, jambo linalowaacha nje vijana wengi wa pwani ambao ndio wangeihitaji zaidi, na kwa uchache wa majaribio yake. Majaribio hayana budi kutumiwa pamoja na ripoti ya mtihani halisi. Aliyefanya majaribio pekee bila kuwahi kuketi mtihani hana cha kulinganishia. Shule za hapa zenye maabara ya kompyuta zingeweza kuiweka kwenye mashine chache na kuzifungua Jumamosi asubuhi, na gharama yake ingekuwa ni mlinzi wa zamu na bando.

Kwa yule ambaye ushahidi umemwambia arudie, ajisajili mapema ili asikute vituo vya karibu vimejaa, na achague tarehe ambayo matokeo yake, yanayotoka baada ya takriban wiki mbili, yatawahi maombi ya mapema ya tarehe 1 Novemba au yale ya kawaida ya mwanzoni mwa Januari. Siku 5 kabla ya mtihani Bluebook hufungua sehemu ya maandalizi, na tiketi ya kuingilia hupatikana humo baada ya kuikamilisha. Aifanye akiwa bado Malindi, kabla ya kupanda matatu, kwenye kifaa kilekile atakachokwenda nacho, na betri yake iwe imejaribiwa kukaa saa 3 hadi 4 bila waya.